Dada Yangu Angoje Hadi Lini?

Mwezi Februari mwaka huu dada yangu mkubwa alinipigia simu usiku, saa ambazo kwa kawaida huwa amelala kwa sababu kengele ya shule yake hulia kabla hakujapambazuka. Ana miaka 28. Anafundisha Biolojia na Kemia katika shule ya sekondari ya serikali, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka Kampala. Anataka kusomea udaktari. Hakuniuliza kama aende. Hilo alikuwa ameshalimaliza moyoni. Aliniuliza aombe nafasi lini, mwaka huu au baada ya mimi kumaliza chuo.

Kabla sijaendelea, msomaji ajue jambo moja. Karo yangu analipa yeye. Basi mimi si mtu wa pembeni anayetafakari swali la maadili kwa utulivu. Mimi ni mmoja wa wadai katika kesi hii, na ndiye niliyeombwa kutoa hukumu. Ninaandika insha hii kwa sababu jibu nililompa usiku ule lilitoka haraka mno, na jibu linalotoka haraka huku likimfaa anayelitoa linastahili kuchunguzwa. Nilimwambia: "Dada, subiri kidogo."

Kwetu Uganda swali la "lini" huonekana la ajabu. Udaktari huanza mtu anapotoka kidato cha sita. Ukiwa na alama za juu, Biolojia na Kemia zikiwemo, unaingia. Miaka mitano ya masomo, mwaka mmoja wa utarajali, kisha unakuwa daktari kamili. Ukikosa pointi unapangiwa kitu kingine na maisha yanaendelea. Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu. Alijaza udaktari kuwa chaguo la kwanza, akapata nafasi ya ualimu wa sayansi kwa ufadhili wa serikali, na kila mtu akamwambia ashukuru. Alishukuru. Marekani na Kanada mambo ni tofauti, kwa kuwa huko wengi huingia masomo ya udaktari wakiwa tayari na shahada nyingine, kwa hiyo mwenye miaka 28 hashangazi mtu. Kwetu pia ipo milango mingine: mwenye stashahada ya utabibu au uuguzi anaweza kuomba, mwenye shahada anaweza kuomba, na aliyetimiza miaka 25 anaweza kufanya mtihani wa watu wazima. Lakini ni milango myembamba, na anayeipitia hutazamwa kama abiria aliyepitiliza kituo chake na sasa anarudi kwa miguu.

Sababu anayoitoa dada ni hii. Usiku mmoja, mwaka juzi, msichana wa kidato cha tatu mwenye selimundu alishikwa na maumivu bwenini. Dada ndiye aliyekuwa zamu. Walipanda bodaboda, msichana katikati, hadi kituo cha afya cha daraja la tatu. Njiani, anasema, alikuwa akijua kila kitu kinachotokea ndani ya ule mwili. Wiki iliyotangulia alikuwa amechora ubaoni chembe nyekundu ya damu iliyojikunja kama mundu, akaeleza jinsi chembe hizo zinavyokwama katika mishipa midogo na kuinyima viungo oksijeni. Angepata alama zote katika mtihani kuhusu maumivu yale. Aliyejua la kufanya alikuwa tabibu kijana, mdogo kwake kwa umri, aliyemwekea msichana maji ya mshipani na dawa ya kutuliza maumivu bila kuchora chochote. Msichana alipona, akarudi darasani, na bado haipendi Kemia.

Kisa hiki kinanigusa, ila sidhani kwamba ndicho sababu. Kutokea kilitokea. Lakini dada alijaza udaktari kwenye fomu miaka mingi kabla ya usiku ule. Nadhani watu wanaobadilisha kazi hutafuta tukio moja la kuwapa wenzao, kwa sababu kusema "nilitaka tangu zamani na sijaacha kutaka" hakuwaridhishi ndugu. Mwanzoni nililiona hili kuwa udhaifu wa hoja yake. Sasa naona kinyume. Kutaka jambo kwa miaka tisa bila kulisema ni ushahidi mzito kuliko safari moja ya bodaboda. Usiku kama ule unaweza kumfanya yeyote kati yetu atake kuwa daktari, mpaka asubuhi.

Mama alipopata habari alishangaa kwa nini iwe safari ndefu hivyo. Kwa Kiganda tunachozungumza nyumbani, kila anayevaa koti jeupe ni musawo, awe muuguzi, tabibu au daktari. Asome uuguzi basi, alisema Mama, si wote ni basawo? Kiswahili kinawatenganisha, na dada pia anawatenganisha. Tabibu wa usiku ule alifanya yote aliyoweza, lakini kama msichana angehitaji kuongezewa damu ingebidi wasafiri tena hadi kituo cha daraja la nne au hospitali. Pale mwisho wa safari ndipo anapotaka kusimama.

Hoja ya Baba ni ngumu zaidi. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwake mwalimu mmoja wa Biolojia ana thamani ya madaktari kumi, kwa kuwa ndiye anayewatoa. Darasa moja la dada lina wanafunzi zaidi ya 80. Akiondoka katikati ya mwaka huenda wakamaliza muhula mzima wakinakili maelezo ya kaka zao. Tena serikali ilimsomesha awe mwalimu. Fedha za umma zilitolewa kwa ajili ya ubao. Nimeigeuza hoja hii kwa wiki kadhaa na sijaweza kuitupa. Ila ina ufa. Ukiifuata hadi mwisho, hakuna anayejua Biolojia atakayeruhusiwa kuwa daktari, kwa sababu kila mmoja angefaa zaidi darasani, wakiwemo wale kumi. Kuhusu deni kwa umma, nakubali lipo. Lakini deni huwa na kiasi. Dada amefundisha miaka sita. Kama sita haitoshi, anayedai ataje ni mingapi, na Baba nilipomwuliza hakutaja. Alisema tu, "Mwalimu haachi darasa."

Hapa nalazimika kuzungumzia mshahara, jambo ambalo insha za falsafa hupenda kuliruka. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya serikali hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Daktari anayeanza kazi serikalini hulipwa kama milioni 5. Kati ya hizo mbili pana miaka mitano bila mshahara, karo inayozidi yangu kwa mbali, na mwaka wa utarajali. Posho ya utarajali ilipandishwa hadi milioni 2.5 baada ya mgomo wa mwaka 2021, halafu mwaka 2023 ikashushwa hadi milioni 1. Miaka mitano bila mshahara ni milioni 240, kabla ya kodi. Kwa nyongeza ya milioni moja kila mwezi angehitaji miaka 20 kuzirudisha, tuache kupanda cheo. Majirani wanaonong'ona kwamba mwalimu amevutwa na utajiri wa madaktari hawajakaa chini na kalamu.

Na hesabu hiyohiyo ndiyo iliyonifichua mimi. Nilipomwambia dada asubiri, nilikuwa na picha kichwani: mimi namaliza, napata kazi, nashika zamu ya kulipia wadogo zetu, yeye anaondoka kwa amani. Ni picha nzuri, lakini si ya kweli. Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili. Walimu wa sanaa na lugha hawakuongezwa walipoongezwa wa sayansi. Waligoma mwezi Juni 2022 na wakarudi madarasani mikono mitupu. Mwezi uliofuata Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, nasi darasani tulipiga makofi, lakini kulazimishwa kwa somo hakujaongeza hata senti katika mshahara wa anayelifundisha. Nitakapoajiriwa, kama nitaajiriwa, nitapata sehemu ndogo ya anachopata dada sasa. Siwezi kushika zamu yake, mwaka ujao wala mwaka wowote ninaouona. Nilikuwa nikimwomba asubiri kitu kisichokuja.

Nyuma yangu, zaidi ya hayo, pana foleni. Mdogo wetu wa kike yuko kidato cha tatu. Kitinda mimba yuko darasa la sita. Akijaliwa kufika chuo na kumaliza, dada atakuwa na miaka 39. Kila mmoja wetu, zamu yake ikifika, atakuwa na haki ileile niliyojipa mimi ya kusema "subiri kidogo." Neno "kidogo" katika sentensi hiyo halina kipimo. Linaweza kuwa mihula mitatu, linaweza kuwa miaka kumi na moja.

Nilizikimbilia methali, kama mwanafunzi yeyote wa Kiswahili, na hazikunisaidia. Subira huvuta heri. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Shuleni tulizipanga katika mafungu, za subira huku na za bidii kule, kana kwamba hazijawahi kugombana. Sasa najiuliza swali ambalo mwalimu hakutuuliza: kila moja inasemwa na nani, na akiisema anapata nini? Nikikumbuka maongezi ya simu ile, nilimpa dada mbili, zote kutoka fungu la subira.

Kuna watu waliowahi kusimama alipo dada. Albert Schweitzer alikuwa mwanatheolojia na mpiga kinanda anayeheshimika. Mwaka 1896, akiwa na miaka 21, aliamua kwamba ataishi kwa ajili ya elimu na muziki mpaka afike miaka 30, na baada ya hapo atawatumikia watu moja kwa moja. Mwaka 1905 alianza masomo ya udaktari Strasbourg, katika chuo kilekile alichokuwa akifundisha, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon. Ndugu na marafiki waliona anatupa kipaji chake. Sipendi kila kitu chake. Alijiona kama kaka mkubwa wa Waafrika, na mimi niliyezaliwa nyuma ya wengine najua kaka mkubwa anaweza kuwa mzigo. Nichukuacho kwake ni kwamba kungoja kwake kulikuwa na mwisho uliotajwa mapema. Miaka tisa ni mingi, lakini ilikuwa tisa. Ni haki pia kusema kwamba sijasoma popote kuwa alikuwa na wadogo waliosubiri karo kutoka mfukoni mwake.

Cicely Saunders hakuwa na tarehe. Alikuwa muuguzi huko Uingereza, mgongo ukamsumbua, akahamia kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, na huko akaona jinsi wagonjwa wasio na tumaini la kupona wanavyoachwa na maumivu yao. Daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi alimshauri asomee udaktari, la sivyo hatasikilizwa. Alianza mwaka 1951 akiwa na miaka 33, akahitimu 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice mjini London. Njia aliyoifungua ilifika hadi kwetu: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, huwapelekea wagonjwa morfini ya maji ya kunywa hata majumbani. Siwezi kusema Saunders alichelewa. Aliingia darasani akijua anatafuta nini, na uuguzi ndio uliomfundisha cha kutafuta.

Lakini nisijidanganye kwa mifano. Waliofaulu ndio wanaoandikiwa vitabu. Aliyeacha kazi nzuri akiwa na miaka 33 na kufeli mwaka wa pili hana hospitali yenye jina lake, na hatuwezi kumwuliza.

Kilichonisaidia zaidi ni kisa kilichosimuliwa na Jean-Paul Sartre katika mhadhara wa mwaka 1945 jijini Paris, ambacho tulikijadili darasani bila mimi kukielewa. Wakati wa vita mwanafunzi wake mmoja alimwendea akiwa njia panda: ama avuke kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru, ama abaki na mama yake, ambaye alikuwa amefiwa na mtoto wake mkubwa vitani na hakuwa na faraja nyingine. Sartre alikataa kumchagulia. Wanaodhani kisa hiki kinahusu uhuru hawakosei, lakini kuna jambo dogo alilolisema kando: anayetafuta ushauri huwa amekwisha kumchagua mshauri, na katika kumchagua anajua kwa kiasi fulani ataambiwa nini.

Dada alikuwa na washauri wengi wa kuchagua. Ana rafiki tabibu ambaye angemwambia aombe leo. Ana shangazi ambaye angemwambia aolewe kwanza, kwa sababu akihitimu na miaka 34 nani atamwoa. Swali hilo sijasikia mwanamume yeyote wa ukoo wetu akiulizwa. Hakuwapigia hao. Alinipigia mimi. Kwa siku kadhaa niliamini alinichagua kwa sababu alijua nitasema asubiri, na kwamba moyoni alitaka kuambiwa hivyo. Tafsiri hiyo ilinipendeza, na kupendezwa kwangu ndiko kulikonitia shaka.

Sasa nadhani hakunipigia kutafuta hekima. Rafiki yake, shangazi, hata wahadhiri wangu wanaosoma insha hii, wangeweza kumpa maoni. Mimi nilikuwa na kitu ambacho hawana: madai. Anayemdai mtu hapaswi kuulizwa "unaonaje?" Anapaswa kuulizwa "unadai kiasi gani, na mwisho lini?" Hilo ndilo aliloniuliza, kwa adabu, akilifunika kwa neno "lini," nami nikamjibu kwa mawaidha.

Nilikaribia kufanya kosa la pili, lenye sura ya wema. Nilitaka kumpigia nimwambie, "Nenda, usinijali." Ni maneno matamu kuyatamka. Lakini yanamwachia yeye hesabu yote: ataenda, mimi nitakwama, naye atasoma anatomia huku akijua nimerudi nyumbani kulima. Ukarimu usiotaja karo italipwa na nani unamfaa zaidi anayejisikia mkarimu.

Kwa hiyo nilipompigia mara ya pili nilikuwa na karatasi mbele yangu. Nilimwambia: muhula huu umelipa, inatosha. Ukianza Agosti, mimi nitaomba mwaka mfu, kama tunavyouita hapa chuoni, nifanye kazi. Nina wanafunzi wawili, watu wazima, ninaowafundisha Kiswahili jioni, nitatafuta wengine. Mwaka wa tatu nitajilipia, na nikichelewa kuhitimu kwa mwaka mmoja au miwili nitakuwa na miaka 24 au 25, umri ambao wewe hukuona kuwa umechelewa. Kuhusu mdogo wetu wa sekondari, nitachangia nusu na Baba atauza kahawa. Kuhusu kitinda mimba sikuwa na la kusema. Hakuna aliyemwuliza, naye ndiye mwenye safari ndefu kuliko sote.

Dada alinyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, na ukishindwa?"

Nilimwambia huenda nikashindwa. Nilimwambia pia huenda yeye akashindwa, na kwamba sikutaka tena aseme alisubiri kwa ajili yangu, wala kwamba aliondoka kwa ajili yangu. Sijui kama hilo la mwisho lilikuwa haki kulisema. Anaweza kukosa nafasi mwaka huu na haya yote yakawa maneno.

Wiki moja baadaye alinitumia ujumbe. Cheti chake cha kidato cha sita kiko katika sanduku la Mama, chini ya mablanketi. Nikienda nyumbani Pasaka nimchukulie, na nisimwambie Baba kwanza. Nilikwenda. Jumamosi jioni nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku, mablanketi yakiwa sakafuni, Baba akapita mlangoni. Alisimama kidogo, akatazama bahasha mkononi mwangu, akaenda zake uani bila kuniuliza ninatafuta nini.